Ngojangoja ya Mgonjwa: Kibali Kisicho na Ofisi

Kiswahili kina methali mbili ambazo haziwezi kuketi katika chumba kimoja bila kuzozana. Moja hufunza kuwa subira huvuta heri. Ya pili huonya kuwa ngojangoja huumiza matumbo. Aghalabu walimu huzifundisha kama mfano wa methali kinzani, wanafunzi wakazinakili katika madaftari, wakazitapika katika mtihani, na mambo yakaishia hapo. Lakini yupo mja ambaye kwake ukinzani huo si zoezi la darasani hata kidogo. Huyo ni mgonjwa mwenye maumivu yasiyokoma, anayemngoja mtu mwingine, mwenye mhuri na wino, aamue kama atatulizwa au hatatulizwa.

Katika nchi ya Abagusii, yaani kaunti za Kisii na Nyamira, habari za kungoja huko huwafikia watu kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni simu kutoka Marekani. Jimbo la Minnesota limekuwa makao ya Wakenya wengi, na Wakisii ni wengi miongoni mwao. Si ajabu kulikuta boma katika vilima vya Nyamira ambalo mwana wake mmoja ni muuguzi au mtunza wazee katika vitongoji vya jiji la Minneapolis. Mnamo Mei 2014 jimbo hilo lilipitisha sheria ya kuruhusu bangi itumike kama dawa, na mauzo yakaanza tarehe 1 Julai 2015. Mwezi wa Agosti 2016, maumivu sugu yasiyosikia matibabu mengine yakaongezwa katika orodha ya maradhi yanayokubaliwa.

Utaratibu wenyewe ulikuwa mwepesi kuusimulia na mzito kuupitia. Mhudumu wa afya alithibitisha ugonjwa. Mgonjwa akajaza fomu kwenye intaneti, akaambatisha kitambulisho, akalipa ada, kisha akangoja. Ada ilikuwa dola 200 kwa mwaka, au 50 kwa wanaopokea misaada ya serikali, mpaka ilipofutwa mwaka 2023. Sheria iliipa idara ya afya ya jimbo siku 30 za kutoa jibu. Watu huuita utaratibu huu "kadi", ingawa Minnesota haikuwa na kadi ya kushika mkononi. Ilikuwa na daftari tu, na jina la mgonjwa ama limo ama halimo. Wanaotaka kadi hasa na watazame Pennsylvania, iliyopitisha sheria yake mwaka 2016 na ambayo humkabidhi mgonjwa kadi yenye jina lake.

Siku 30 ni muda mfupi kwa mtu anayengoja pasipoti. Kwa mtu ambaye mgongo wake unawaka moto usiku kucha, siku 30 ni umri mzima. Kwa Mkisii wa Minnesota kulikuwa na mwiba mwingine ndani ya mwiba huo. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1970 iliiweka bangi katika daraja la kwanza la dawa zilizopigwa marufuku, na mnamo Aprili 2019 idara ya uhamiaji ya Marekani ilitoa mwongozo uliosema kwamba utumiaji wa bangi, hata pale ambapo jimbo limeuruhusu, ungeweza kumkwamisha mwombaji wa uraia kwa hoja ya mwenendo usiofaa. Hivyo mhamiaji mwenye maumivu alikuwa na maombi mawili katika madirisha mawili, na jibu la ndiyo katika dirisha moja lingeweza kuwa jibu la hapana katika dirisha la pili. Wapo watu ambao hawakukamilisha fomu kwa ajili hiyo, na ni nani atakayewalaumu?

Njia ya pili ambayo habari za kungoja hupitia ni fupi zaidi. Ni njia ya udongo mwekundu inayotoka kijijini hadi lami ya Keroka, mji ambao umepasuliwa katikati na mpaka wa kaunti, upande huu Kisii, upande ule Nyamira. Na achukuliwe kwa mfano omong'ina, yaani mama mzee, mwenye saratani ya umio, ugonjwa uliozoeleka mno magharibi mwa Kenya. Chakula hakipiti kooni, hata uji ni vita. Amekwisha kuambiwa kwamba matibabu ya mionzi hayapatikani karibu na kwao, na kwamba njia ni Eldoret au Nairobi. Anaporejea nyumbani hurejea na vidonge vile vile ambavyo jirani yake hunywa akiumwa na kichwa. Hana fomu ya kujaza. Hana idara aliyoiandikia. Hana siku 30 za kuhesabu. Mwanawe wa Minnesota akimweleza kwa simu kuhusu daftari la huko, mama huuliza swali moja la haki: "Na hapa kwetu, huombwa wapi?"

Swali hilo ndilo kiini cha jambo. Wengi hudhani kwamba jibu la sheria ya Kenya ni "haiombwi popote, ni haramu". Sivyo ilivyo. Sheria ya kudhibiti mihadarati ya mwaka 1994 ni kali, hapana shaka. Mkulima wa bangi anakabiliwa na faini ya shilingi 250,000, au mara tatu ya thamani ya mmea sokoni, yoyote iliyo kubwa, au kifungo kisichozidi miaka 20, au vyote viwili. Aliyepatikana na bangi ya matumizi yake mwenyewe alistahili kifungo cha miaka 10 hadi marekebisho ya mwaka 2022 yalipoipunguza adhabu hiyo. Lakini katika kifungu hicho hicho cha 3 kinachokataza kumiliki, sheria imetaja watu ambao katazo haliwahusu. Miongoni mwao ni mwenye leseni iliyotolewa chini ya kifungu cha 16, daktari aliye na dawa hiyo kwa ajili ya tiba, na, hili msomaji na alizingatie, mtu aliyeipata kwa ajili ya tiba kutoka kwa daktari au kwa maagizo ya daktari. Kwa maneno mengine, waliotunga sheria walijenga mlango. Wakautia bawaba na kitasa. Kilichokosekana kwa zaidi ya miaka 30 ni chumba nyuma ya mlango. Hakuna ofisi iliyotengwa kupokea ombi la mgonjwa wa namna hii, wala fomu, wala muda wa kujibiwa.

Kuna tofauti kubwa kati ya kunyimwa na kutojibiwa, na Katiba ya mwaka 2010 inaifahamu. Kifungu cha 47 kinampa kila mtu haki ya kutendewa na wenye mamlaka kwa haraka, kwa ufanisi na kwa namna inayokubalika katika akili, na palipo na uamuzi unaomwathiri, apewe sababu kwa maandishi. Kifungu cha 43 kinampa haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Anayenyimwa anaweza kukata rufaa. Asiyejibiwa atakata rufaa dhidi ya nini? Kimya hakina tarehe, hakina sahihi, hakina nambari ya jalada.

Hapa ndipo wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wanapoingia katika shauri hili, wapende wasipende, kwa kuwa sehemu ya kimya hicho imefumwa kwa maneno. Neno "dawa" katika Kiswahili hubeba mizigo miwili kwa kichwa kimoja. Hospitalini ni kitu cha kutafutwa. Mbele ya hakimu, likiongezewa "za kulevya", ni kitu cha kufungiwa. Mgonjwa anayesema kwamba anataka dawa iliyo pia dawa ya kulevya amekwisha kujishtaki kabla sentensi yake haijafika kwenye nukta. Wapo wanaoliepuka tatizo hilo kwa kutumia "mihadarati", neno linaloonekana kuwa zito na la kisheria zaidi. Lakini neno hilo nalo lina siri yake. Limetoka katika Kiarabu, na mzizi wake unahusu kufa ganzi. Kutokana na mzizi uo huo Waarabu hupata neno la kumlaza mgonjwa kabla ya kupasuliwa. Ndani ya neno ambalo polisi hulitumia anapomtia mtu pingu, kumbe kuna sindano ya ganzi ya daktari wa meno. Hata "bangi", lililosafiri kutoka Bara Hindi na Uajemi, lina ndugu katika Kiarabu, "banji", ambalo nalo limetumiwa kwa maana ya dawa ya kumtoa mtu katika hisi. Wazee waliozipokea istilahi hizi kutoka ng'ambo ya bahari walijua jambo ambalo wasomi wa leo wamelisahau, kwamba kileo na kitulizo ni watoto wa tumbo moja, na kinachowatenganisha ni mkono wa anayetoa, kipimo anachotoa na sababu ya kutoa.

Kwa mvutaji, lugha imekuwa karimu. Ana bangi, ana ganja, ana msuba. Vijana wa Sheng wana ngwai na shada, na bila shaka kufikia wakati toleo hili litakapotoka mashinani watakuwa wamezua mengine matatu. Kwa mgonjwa, lugha imekuwa bahili. Tanzania wamezoea kusema "tiba shufaa" kwa huduma ya kumtuliza mgonjwa ambaye ugonjwa wake hautaraji kupona. Ni wanafunzi wangapi wa Kiswahili nchini Kenya wamewahi kulisikia neno hilo, sembuse mama wa Keroka? Mahakama na magazeti ya Kiingereza ya Kenya huandika "bhang" kwa tahajia ya kikoloni, sheria yenyewe hutumia jina la kisayansi, redio za Kiswahili husema bangi, na kila moja ya njia hizo humpelekea msikilizaji taswira ile ile ya kijana aliyebanwa ukutani na macho mekundu. Hakuna neno linalomleta mgonjwa akilini. Pasipo na neno, ni vigumu kuwapo fomu. Na hata fomu ikiwapo, itakuwa kwa Kiingereza.

Tena, kabla ya Kiswahili kuna Ekegusii. Maumivu huitwa obororo. Mtu akisalimiwa asubuhi huitikia "buya", yaani vyema, hata ikiwa hajafumba jicho tangu magharibi, kwa maana adabu haimruhusu kufungua salamu kwa malalamiko. Isitoshe, kuna chinsoni, yale mambo ya soni na staha yanayotawala uhusiano wa mzazi na mwana. Mama hamtajii mwanawe wa kiume maumivu ya viungo vya siri. Mkwe ndiyo kabisa. Sasa msomaji na atafakari hali ya chumba cha daktari ambamo daktari ametoka kaunti nyingine, mgonjwa hajui Kiingereza na Kiswahili chake ni cha sokoni, na mkalimani pekee aliyepo ni mwana yule yule. Daktari huuliza maumivu ni mangapi kwa kipimo cha sifuri hadi kumi. Mwana hutafsiri. Mama, kwa soni, husema matatu. Daktari huandika matatu, na dawa ya matatu ndiyo anayopewa. Hakuna aliyesema uongo hapo, na hata hivyo ukweli haukusemwa.

Wanaodhani kwamba Abagusii wamezoea kuyavumilia maumivu tu na wasijishughulishe nayo wanakosea. Jamii hii inajulikana katika maandishi ya historia ya tiba kwa ababari, wataalamu wa jadi waliofungua fuvu la kichwa cha mtu aliyeumizwa na kuteseka kwa maumivu ya kichwa yasiyokwisha, wakakwangua mfupa, wakafunga kidonda, na wagonjwa wengi wakaishi. Shughuli hiyo iliendelea hadi karne ya 20 huku serikali ikiitazama kwa jicho la kengeza. Watu walioyachukulia maumivu kuwa sababu ya kutosha ya kulifungua fuvu hawawezi kusemwa kuwa hawakujali maumivu. Walikuwa na mtu wa kumwendea, aliyejulikana kwa jina na boma lake, na jibu lilipatikana siku ile ile, liwe la heri au la shari.

Serikali ya leo nayo imeendewa. Mwaka 2017 mtafiti Gwada Ogot aliwasilisha ombi katika Bunge la Seneti akitaka bangi iondolewe katika marufuku na kudhibitiwa kisheria, kwa haki ambayo kifungu cha 119 cha Katiba humpa kila mtu ya kuliomba Bunge. Alisikilizwa, kukawa na vichwa vya habari, na hakuna sheria iliyozaliwa. Mwaka 2018 Ken Okoth, aliyekuwa Mbunge wa Kibra, aliomba kuandaliwa kwa mswada wa kudhibiti bangi. Baadaye aliutangazia umma kwamba alikuwa akiugua saratani ya utumbo mpana, na tarehe 26 Julai 2019 akafariki. Mswada haukufika popote. Kisha ukaja uchaguzi wa Agosti 2022 na kampeni za Profesa George Wajackoyah, aliyeahidi kulipa deni la taifa kwa bangi, pamoja na biashara ya nyoka na sehemu za fisi. Nchi nzima ilicheka hadi mbavu zikauma. Kura zake hazikufikia asilimia moja, na hilo ni shauri la wapigakura. Hasara ambayo haikuhesabiwa na tume yoyote ni kwamba baada ya kicheko kile, yeyote aliyetaja bangi na tiba katika sentensi moja alionekana kuwa amekuja kuchekesha. Mgonjwa alikwisha kuwa na aibu ya ugonjwa. Sasa akaongezewa aibu ya mzaha.

Yapo majirani waliosonga mbele, lakini kusonga kwao kunahitaji kutazamwa kwa makini kabla ya kupigiwa makofi. Lesotho ilianza kutoa leseni za kilimo cha bangi ya tiba mwaka 2017. Zimbabwe ilifuata mwaka 2018. Rwanda iliidhinisha kilimo hicho mwaka 2020 na kukiwekea kanuni mwaka 2021, kwa ajili ya kuuzwa nje. Neno "nje" ndilo la kupigiwa mstari. Mmea unaoteshwa Afrika, unavunwa na mikono ya Waafrika, kisha dawa inamtuliza mgonjwa wa Ulaya, ilhali mgonjwa wa kijiji cha pili kutoka shambani bado atafungwa akipatikana nayo. Wanasiasa wa Kenya wanaotaja bangi kama zao la kuleta fedha za kigeni, badala ya kahawa na chai zilizowachosha wakulima wa Kisii na Nyamira, hawamsemei mama wa Keroka. Wanaisemea hazina.

Upinzani wa upande wa pili nao si wa kupuuzwa. Wazazi na walimu wa Gusii wanaoziogopa athari za bangi kwa vijana hawaoti ndoto. Uvutaji wa kupindukia katika umri mdogo umehusishwa na maradhi ya akili, na mwalimu aliyemwona mwanafunzi bora wa darasa akigeuka kuwa mtu asiyejua jina lake hahitaji kufundishwa na mwandishi wa makala yoyote. Pia ni kweli kwamba bangi haiponyi saratani, ingawa wachuuzi wa mafuta ya chupa ndogo huapa kwa miungu yote kwamba inaponya. Kilichothibitishwa ni kidogo na chenye mipaka. Husaidia baadhi ya maumivu sugu, kichefuchefu cha wanaotibiwa saratani kwa kemikali, mkakamao wa misuli katika maradhi fulani ya neva, na aina chache za kifafa kikali cha watoto, ambacho dawa yake iliyotokana na mmea huo iliidhinishwa Marekani mnamo Juni 2018. Mnamo Desemba 2020 tume ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya iliiondoa bangi katika orodha ya zile zilizohesabiwa kuwa hatari zaidi na zisizo na faida ya tiba, kwa kura 27 dhidi ya 25. Ushindi wa kura mbili si ushindi wa kufungia mjadala. Unatosha, hata hivyo, kuonyesha kwamba wenye kulitilia shaka katazo la jumla si wahuni wa vichochoroni peke yao.

Lakini hofu ya wazazi inahusu uvutaji wa holela, ambao sheria kali ya mwaka 1994 haijaukomesha mpaka leo. Kijana anayetaka kuvuta hangoji kibali cha mtu. Anayengoja ni yule anayeiheshimu sheria. Katazo hili limewekewa wahuni, na wanaolitii zaidi ni wagonjwa.

Yupo atakayesema kwamba mama wa Keroka hahitaji bangi kwanza, anahitaji mofini. Huyo amesema kweli, na kweli hiyo inaiumiza serikali zaidi. Mofini ya kunywa ni dawa ya bei nafuu, huandaliwa kwa unga na maji, na Shirika la Afya Ulimwenguni limeipendekeza kwa maumivu makali ya saratani tangu mwaka 1986. Hakuna aliyeipiga marufuku hospitalini. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961, ule ule uliozifunga dawa hizi kwa minyororo, unakiri katika utangulizi wake kwamba dawa za namna hii ni za lazima kwa kutuliza maumivu na kwamba ni wajibu wa nchi kuhakikisha zinapatikana. Hata hivyo, shirika la Human Rights Watch lilipochunguza hali ya Kenya na kutoa ripoti mwaka 2010, lilikuta mofini ya kunywa katika hospitali chache mno za umma. Sababu hazikuwa fedha tu. Kulikuwa na hofu ya madaktari wenyewe, waliofundishwa kuiogopa dawa hiyo kuliko kuyaogopa maumivu.

Uganda, nchi isiyoizidi Kenya kwa utajiri, ilichukua njia nyingine. Baada ya Daktari Anne Merriman kuanzisha huduma ya Hospice Africa Uganda mwaka 1993, serikali ilikubali mwaka 2004 kwamba wauguzi na maafisa wa tiba waliopewa mafunzo maalumu wanaweza kuandika mofini bila kumngoja daktari. Msomaji na aitazame busara ya hatua hiyo. Hawakujenga hospitali kubwa wala hawakununua mtambo. Waliusogeza mhuri karibu na mgonjwa. Umbali kati ya maumivu na sahihi ulipunguzwa kutoka safari ya siku nzima hadi mwendo wa baiskeli.

Hatua hiyo ingefaa pia kwa Kisii na Nyamira, na kwa bangi ya tiba pia endapo siku yake itawadia. Wizara ya Afya haihitaji sheria mpya kabisa ili ianze. Inahitaji kanuni za kutekeleza kile ambacho kifungu cha 3 na cha 16 vimekwisha kuruhusu. Kanuni hizo ziseme ni maradhi gani yanayohusika, ni daktari wa ngazi gani anayeweza kuagiza, dawa iwe katika umbo gani, na itoke wapi. Iwe tone au kidonge, kama Minnesota ilivyoanza, wala si jani la kuvutwa. Hilo litawatuliza wazazi kwa kiasi. Na lililo muhimu kuliko yote, ziseme ni siku ngapi. Siku 30 ni nyingi. Kwa mgonjwa aliye katika miezi yake ya mwisho, hata siku saba ni nyingi, lakini siku saba zilizoandikwa ni bora kuliko miaka 30 isiyoandikwa. Ikiwa jibu ni hapana, liwe hapana lenye sababu na sahihi. Wizara ikiona kwamba ushahidi wa bangi haujatosha, na iseme hivyo waziwazi, kisha ijaze mofini katika kila hospitali ya kaunti ndogo, ili uamuzi wake wa kukataa usiwe uamuzi wa kumtesa mtu.

Kuhusu vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu, kazi ipo, tena haihitaji kungoja Bunge. Vyama hivi vimetumia miaka mingi kuzozania istilahi za tarakilishi na kompyuta, za kipanya na puku, kwa bidii ambayo ingetosha kutafsiri kila fomu ya idhini katika hospitali za nchi. Kipimo cha maumivu cha sifuri hadi kumi kinahitaji Kiswahili ambacho mama wa sokoni atakielewa, na Ekegusii ambacho hakitamvunjia heshima mbele ya mwanawe. Huenda maumivu yasipimwe kwa nambari kabisa. Huenda yapimwe kwa kuulizwa kama mtu aliweza kuchota maji, kama alilala hadi jogoo la kwanza, kama aliweza kumbeba mjukuu. Hilo ni swali la isimu na la fasihi simulizi kabla ya kuwa swali la udaktari, na wanafunzi wanaotoka Nyamira, Ogembo na Suneka kwenda kusomea lugha wanalijua jibu lake kuliko waandishi wa vitabu vya tiba. Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sawa na Kiingereza. Urasmi huo haujafika katika chumba cha kungojea, ambako mabango bado yanamwambia mgonjwa kwa Kiingereza asubiri jina lake litakapoitwa.

Jioni, simu ya Minnesota hupigwa tena, kwa kuwa huko bado ni asubuhi. Mwana humuuliza mama amelalaje. Mama huitikia "buya". Mwana, ambaye ni muuguzi na anajua hasa neno hilo limebeba nini, huuliza kama amemwona daktari. Mama husema daktari alikuwapo, watu walikuwa wengi, na ameambiwa arudi Jumanne.